Mkate wa Afande Odoch

Kila Jumamosi saa saba mchana Afande Odoch aliingia Kona Baga, pale Bukoto mjini Kampala, shati lake limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama. Aliketi meza ya pembeni, karibu na sinki la kunawia, na hakuwahi kufungua menyu. "Ambia Nelima muzee amefika," alimwambia mhudumu, kisha akakunja mikono akangoja baga yake: nyama ya ng'ombe, kitunguu kingi, na mkate usio na gluteni.

Nelima ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, kwao Bungoma, alikuja Kampala miaka kumi na mmoja nyuma kupika katika hoteli ya Mkenya mwenzake. Hoteli ilifungwa, mwenyewe akarudi Nairobi, Nelima akabaki. Sasa alifanya kazi kwa Jasper, mwenye Kona Baga, kijana mchangamfu aliyependa kuongeza vitu kwenye menyu. Neno hilo la "bila gluteni" aliliona kwenye simu, kwenye menyu ya mgahawa wa ng'ambo, akaliandika kwenye yake wiki hiyohiyo kwa sababu Bukoto ina wageni wengi. Alipoulizwa maana yake alisema ni chakula cha watu wanaotaka kupungua.

Nelima hakuridhika na jibu hilo. Alimuuliza muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wao, na muuguzi akamweleza taratibu: gluteni imo ndani ya ngano na shayiri, na kuna watu ambao wakila hata chembe moja ya ngano matumbo yao yanajeruhiwa. Si madoido wala deko. Ni ugonjwa, na dawa yake ni kuiacha ngano kabisa, hata vumbi lake. Nelima alirudi jikoni akaandika masharti kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji: kikaango cha peke yake, kisu cha peke yake, mikono ioshwe kwa sabuni, mkate ukae kwenye debe lake lenye kifuniko. Alimsimamia kila mpishi mpaka akayajua kwa moyo. Aliyekosea alirudia oda upya.

Mkate wenyewe aliupata kwa Perpétue. Huyu alikuwa mama wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu, aliyeishi Kamwokya katika vyumba viwili na kuoka katika kimojawapo. Walijuana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili ambako Wakenya na Wakongo walikutana kila Jumapili. Perpétue aliuchanganya unga wa muhogo, wa mchele na wa mtama kwa namna ambayo hakumfundisha mtu, na mikate yake haikuvunjika mkononi kama ile Nelima aliyokuwa amejaribu kuoka mwenyewe. Nyumbani kwake hakuingiza ngano. Hata mgeni akija na maandazi, aliombwa ayale uani.

Afande Odoch alikuja kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, ameletwa na binti yake Alanyo, ambaye ni inspekta wa polisi. Alikuwa amestaafu jeshini. Siku ile alikula kimya, na Jumapili ikapita tumbo lake halijasema neno. Jumamosi iliyofuata alikuja mpaka mlango wa jikoni, akabana visigino, akampigia Nelima saluti mbele ya wapishi wote. Nelima alicheka, lakini alipogeukia jiko macho yalikuwa yamemlowa.

Baadaye mzee alimsimulia habari yake kwa vipandevipande, kila Jumamosi kidogo, kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Mimi nilikula biskuti ya jeshi miaka ishirini na tano," alisema. "Biskuti, chapati, mukate. Kila mara tumbo inanipiga. Tukienda mbele, mimi niko kichakani. Daktari wa kambi anasema ni woga. Wenzangu wakanipa jina, Tumbo. Hata kwa redio wanaita: Tumbo, Tumbo, uko wapi?"

Hakuna aliyemweleza vinginevyo mpaka alipofika miaka hamsini na tisa, amekonda, miguu imevimba, ndipo Alanyo akampeleka kwa daktari mwingine aliyempima damu na kuchungulia tumbo kwa kamera. Jibu lilikuwa neno moja.

"Sasa najua mimi sikuwa mwoga," alimwambia Nelima. "Ilikuwa ni ngano."

Nelima alijivunia mzee huyu. Alimtaja kanisani, alimtaja kwa dada zake kwenye simu. Aliamini kwamba katika mji huu mzima hakuna jikoni ambako Afande Odoch angekula kwa amani isipokuwa kwake, na huenda ilikuwa kweli.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, watu ishirini na wawili wa kampuni fulani waliingia pamoja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya bosi wao. Hawakuwa wamepiga simu. Oda zilijipanga kwenye msumari mpaka zikaanza kudondoka. Katika haraka ile, Travis, mpishi mwenzake Nelima, aliona bamba la kukaangia limejaa akachukua kikaango kidogo kilichotengwa na kuchomea humo mikate ya kawaida. Nelima alipogeuka alikuta kikaango kimekaa juu ya meza, cheusi, kimejaa makombo.

Wakati huohuo Afande Odoch alikuwa amesimama kwenye dirisha la kutolea chakula, bahasha mkononi.

"Leo niko na haraka kidogo," alisema. "Saa tisa tuna mukutano ya wazee wa jeshi. Mimi ndiye nasoma majina ya wenzetu walikufa. Watu thelathini na moja." Aliipigapiga ile bahasha kwa kidole. "Wamenichagua mimi."

"Dakika tano, afande," Nelima alisema.

Kukiosha kikaango kungehitaji maji ya moto, sabuni, kukikausha na kukipasha tena. Dakika nane, labda kumi. Nelima alitazama zile oda. Akamtazama mzee. Kisha akachukua kitambaa, akafuta kona moja ya lile bamba kubwa, akalaza pale vipande viwili vya mkate wa Perpétue. Sentimita chache kando yake mikate ya ngano ilikuwa inachomeka, na juu ya chuma, ndani ya mafuta, kulikuwa na makombo ambayo kitambaa hakikuyachukua. Aliyaona. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka kuliko yote: hakupitiwa, hakusahau, aliyaona makombo akajiambia, mara moja tu.

Mzee alikula, akapangusa mdomo, akashukuru, akaondoka na bahasha yake.

Jumatatu asubuhi Alanyo aliingia akiwa na sare. Mgahawa ulikuwa haujafunguliwa. Viti vilikuwa bado juu ya meza. Jasper alimwendea haraka, na wapishi wote wakasogea mlangoni kusikiliza.

"Sikuja kumkamata mtu," Alanyo alisema. "Nataka kujua tu baba yangu alikula nini hapa Jumamosi."

Akawaeleza. Mzee alisimama mbele ya ukumbi akaanza kusoma majina. Alipofika jina la kumi na mbili aliishusha karatasi, akaomba radhi, akaelekea mlangoni. Hakufika. Tumbo lilimshinda palepale katikati ya viti, mbele ya wenzake na wake zao, na suruali yake ilikuwa ya rangi ya maziwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tumbo!" na watu wakacheka. Labda hawakuwa na nia mbaya, lakini walicheka. Alirudishwa nyumbani kwa bodaboda amefungwa koti la mtu kiunoni.

"Tangu juzi hajatoka chumbani," Alanyo alisema. "Jumamosi hakula mahali pengine. Mwenyewe anasema alikula hapa tu."

Jasper alimgeukia Nelima. "Nelima, wewe ndiye unajua hii mambo. Jikoni kulikuwa na shida?"

Ile karatasi ya masharti ilikuwa inaonekana pale aliposimama, mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa. Travis alikuwa nyuma yake. Nelima alisikia uso unawaka. Alifungua kinywa akidhani atasema kweli, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Sisi hapa tunafuata masharti yote," alisema. "Lakini mkate hatuoki sisi. Sijui anachotia huko kwake."

"Nani?" Alanyo aliuliza.

Nelima akamtaja Perpétue. Alipoulizwa anakokaa, alimwelekeza: Kamwokya, nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani, mbele yake pana fundi wa viatu. Alieleza vizuri kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni wa heshima.

Jasper alishusha pumzi. "Inspekta, huyo mama tunaachana naye leo leo. Pole sana kwa muzee."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Perpétue alimvuta Nelima pembeni ya kanisa. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani kama mtu aliyefiwa.

"Dada, polisi walikuja kwangu," alisema. "Wawili. Walifungua madebe yote. Walichukua unga kwa mufuko. Miye nikatoa karatasi zangu za ukimbizi, nikawapa, hata hawakuniomba. Majirani wote walisimama kuangalia. Sasa wanasema Mukongo anawapa watu sumu. Shule ilikuwa inachukua mikate yangu, wameacha. Na bosi wako alinipigia simu, anasema basi."

Nelima aliangalia mlango wa kanisa.

"Weye unajua mikono yangu," Perpétue alisema. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia," Nelima alijibu.

Perpétue alimshika mikono yote miwili, akafumba macho, akamwombea palepale, kwa sauti, Mungu amlinde dada huyu aliyesimama na mgeni. Watu walipita wakisema amina. Nelima alikuwa amekodoa macho kwenye viatu vyake, na kila neno la sala ile lilimwingia kama maji ya moto. Hakuvuta mikono.

Tangu siku hiyo alihamia ibada ya Kiingereza ya asubuhi na mapema, ambako hakujuana na mtu. Alikwenda kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo akanunua magunia mawili ya unga wa muhogo, akayatuma Kamwokya kwa bodaboda bila jina. Jioni Perpétue alipiga simu. "Najua ni weye," alisema, na akashukuru mpaka Nelima akasingizia kuwa simu inaisha chaji. Kazini alianza kuwa mkali kwa Travis juu ya vitu vidogo. Nyumbani alipika ugali akaumwaga. Alijiambia kwamba siku zitapita, kwamba mzee atapona na Perpétue atapata wateja wengine, na kwamba kusema sasa ni kuongeza maumivu tu. Kila alipojiambia hivyo aliuona tena ule mkono wake ukimwonyesha Alanyo njia ya Kamwokya.

Wiki ya nne Perpétue alikuja Kona Baga mwenyewe. Hakupita mbele. Alizunguka nyuma, kwenye kreti tupu za soda, akabisha mlango wa jikoni. Mkononi alibeba kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Sikuja kuomba kazi," alisema haraka. "Dada, nimefikiri sana. Mutama wangu nasagisha kwa kinu cha sokoni. Labda wao walitangulia kusaga ngano humo. Labda miye sikuangalia. Basi ni kweli nilimuumiza yule muzee." Alifunua kitambaa. Ilikuwa mikate kumi, imepangwa vizuri. "Mutama huu nimesaga mwenyewe, na mikono. Nataka kumupelekea, nipige magoti, nimuombe samahani. Lakini naogopa kwenda peke yangu kwenye nyumba za polisi. Unisindikize."

Nelima aliiangalia mikono ya Perpétue. Viganja vilikuwa na malengelenge ya kusagia.

"Weka kikapu chini," alisema.

"Kwa nini?"

"Weka chini, Perpétue. Keti."

Perpétue aliketi juu ya kreti. Nelima alibaki amesimama kwa sababu aliona hana haki ya kuketi, kisha akaona kusimama ni kama kumsimamia, akachuchumaa. Akasema yote: kikaango, kitambaa, makombo, jinsi alivyoyaona. Akasema na lile alilomwambia inspekta. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alipomaliza Perpétue alimwambia arudie.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Rudia ile ya mwisho."

"Nilisema sijui unachotia kwenye mkate."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na Jumapili ile nilikuuliza, ukasema uliwaambia. Nikakuombea."

"Ndiyo."

Ndani ya jikoni mafuta yalikuwa yakitokota na Travis akiita nani ana oda ya meza ya tatu. Perpétue alikifunika kikapu chake kwa ule uangalifu aliokuwa nao siku zote, akakunja pembe nne za kitambaa, akasimama.

"Kwa muzee utaenda mwenyewe," alisema. "Miye sitakusindikiza."

Akaenda. Hakulia, hakutukana. Nelima angefurahi kama angetukanwa.

Alivua aproni, akaingia ofisini kwa Jasper, akamwambia pia. Jasper aliziba mlango kwa mgongo.

"Nelima, sikiliza. Hii kitu imeshakwisha. Muzee yuko sawa. Ukisema sasa, tunahalibikiwa na biashala, na wewe ndiye wa kwanza kwenda. Nyamaza tu."

"Nimenyamaza wiki nne," Nelima alisema. "Angalia nilichofanya kwa kunyamaza."

Alipanda kwa miguu mpaka Naguru, kwenye nyumba za polisi ambako mzee aliishi na Alanyo, jua la saa kumi likimchoma kisogo. Alitaka njia iwe ndefu, lakini ilikuwa fupi.

Afande Odoch alikuwa ameketi sebuleni, redio imewashwa chini chini. Alikuwa amekonda tena. Alipomwona Nelima mlangoni aliinuka kwa mikono yote miwili, na uso ukamchangamka kama mtu aliyekuwa akingojea mgeni mwezi mzima.

"Nelima! Jikoni yenyewe imetembea mpaka hapa! Karibu, karibu. Ni nani alikuambia nyumba?" Akamwita msichana wa nyumbani alete chai na viazi vitamu. Akamwekea Nelima sahani mapajani kwa mkono wake mwenyewe. "Wewe ni mutu wa kwanza kutoka huko nje kuja kuniona. Wenzangu hawakuja. Wanaona haya. Na mimi naona haya. Kula."

Nelima aliishika ile sahani. Mvuke wa viazi ulimpanda usoni.

"Afande, sikuja kukuona mgonjwa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuugua." Ulimi ulikuwa umemkwama, akajisahihisha. "Mimi ndiye niliyekufanya uugue. Ule mkate haukuwa na kosa. Ni mimi niliuchoma pamoja na mikate ya ngano, kwa sababu watu walikuwa wengi."

Mzee alizima redio.

"Ulisahau?"

"Hapana."

"Hukujua?"

"Nilijua, afande. Niliona makombo."

Odoch aliketi polepole. Alijitazama magoti kwa muda, akayakung'uta kana kwamba kulikuwa na vumbi.

"Unajua binti yangu alifikiri nini?" alisema mwishowe. "Alienda kwa yule mama Mukongo. Akatafuta, hakuna kitu. Unga ikapimwa, hakuna kitu. Basi akafikiri ni mimi. Akafikiri nilikula roleksi kwa kujificha. Alienda kwa vijana wa bodaboda pale stejini, akauliza kama waliona muzee akinunua chapati na mayai. Binti yangu. Ananitafuta kama mwizi." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Mimi nikasema sikukula. Halafu usiku nalala, nafikiri, labda nilikula? Labda kichwa yangu imezeeka? Wiki nne najiuliza mimi mwenyewe."

Nelima alikuwa analia sasa, bila sauti, sahani bado mapajani.

"Usilie," mzee alisema, na sauti haikuwa ya kubembeleza. "Ukilia mimi nitaanza kukuhurumia, na sitaki kukuhurumia leo. Ngoja Alanyo arudi. Utamwambia hivi hivi, na mimi nikiwa hapa."

Wakangoja. Ilikuwa zaidi ya saa nzima. Msichana wa nyumbani aliingia, akaona chai imepoa, akatoka bila kuuliza. Alanyo aliporudi alisimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama mmoja, akatazama mwingine. Nelima alisimama akasema kwa mara ya nne siku ile. Haikuwa rahisi zaidi kuliko ya kwanza.

Alanyo alimtazama baba yake.

"Baba," alisema, kisha akaendelea kwa Kiacholi, maneno machache, na Nelima hakuyaelewa ila aliona mzee ameinua mkono kidogo, ule mkono wa kusema basi, na Alanyo ameinamisha uso. Nelima aliiweka sahani mezani, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza, na hakutegemea kusindikizwa.

Jasper hakumfukuza. Alimweka nje wiki mbili, na aliporudi alimkuta amelifuta kwa kalamu nene lile neno la bila gluteni kwenye menyu zote. Nelima alimwambia watu wa ugonjwa ule bado watakuja, neno liwepo lisiwepo, afadhali wanunue jiko dogo la pembeni. Jasper alinung'unika wiki tatu, akalinunua. Jasper huyohuyo alikwenda Kamwokya kumwomba Perpétue arudi, na Perpétue alimpa soda na kiti kizuri, akamwambia hapana.

Alanyo naye alikwenda kwake bila sare. Mara ya kwanza Perpétue alimwona dirishani na hakufungua. Mara ya pili alifungua. Inspekta alimletea barua aliyoiandika na kuisaini mwenyewe, ikisema kuwa unga ulipimwa na nyumba ilikaguliwa na hakuna kosa lililoonekana, na akasimama uani akaisoma kwa sauti mbele ya fundi wa viatu na majirani. Shule ilianza tena kuchukua mikate. Haya Nelima aliyasikia kwa watu wa kanisani, maana alikuwa amerudi kwenye ibada ya Kiswahili, kwenye benchi la nyuma. Perpétue aliketi mbele. Walipopeana mikono ya amani, Perpétue alifika mpaka kwake, akampa mkono kama alivyowapa wengine wote, akapita.

Mzee alikuja mwezi wa tisa. Ilikuwa Jumamosi, saa nane, watu si wengi. Hakukaa kwenye meza. Alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni akasimama hapo, mikono nyuma.

"Mukate hakuna?" aliuliza.

"Hakuna, afande. Hatuna wa kuuoka."

"Nyama?"

"Nyama ipo. Nitakupikia kwenye jiko lile dogo, kikaango kipya. Unaweza kusimama uangalie."

"Ndiyo maana nimesimama. Na chipsi?"

Jasper alikuwa kwenye kaunta, sikio limeelekea jikoni. Nelima alimwona, akajibu hata hivyo.

"Chipsi hapana. Mafuta hayahaya yanapika kuku waliopakwa unga wa ngano. Usile chipsi za hapa, wala za mahali pengine kabla hujauliza mafuta yalipika nini. Nitakuchemshia viazi."

Mzee alimkazia macho. Kisha akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Nelima alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Alimenya viazi vinne, akaviweka jikoni, akakata kitunguu kwa kisu kipya, na wakati wote huo alihisi yale macho mgongoni na jasho likimtiririka mbavuni. Nyama ilipoiva aliibeba yeye mwenyewe mpaka mezani. Afande Odoch alikula polepole, akimaliza tonge anangoja kidogo, kana kwamba anasikiliza. Hakusema ni tamu. Alipomaliza aliisogeza sahani, akachukua kofia yake.

"Nitaona kesho tumbo itasema nini," alisema. "Ikinyamaza, wiki ijayo nitakuja. Ikisema, sitakuja tena."

"Sawa, afande."

Akatoka. Nelima alisimama na sahani mkononi mpaka Travis akamwita. Kulikuwa na oda nne zinangoja, na moja ilikuwa imekaa muda mrefu.